Sindano ya Miezi Mitatu na Maswali Ambayo Haijibu

Shule maalumu zikikaribia kufungwa kwa likizo, wauguzi wa uzazi wa mpango katika vituo vya afya vya Kisumu, Kakamega au Nakuru hukutana na ombi moja. Mama anafika na binti wa miaka 16 au 20 mwenye ulemavu wa akili, anamkalisha kwenye benchi, kisha anamsogelea muuguzi na kusema kwa sauti ya chini, "Mchome ile ya miezi mitatu." Muuguzi akiuliza kama binti ameelezwa sindano hiyo ni ya nini, anajibiwa, "Huyu ni mtoto tu, sista. Hayo mambo hayajui."

Kama hayo mambo hayamhusu, sindano ni ya nini? Mama anajua vizuri. Anajua atashinda sokoni Kibuye tangu alfajiri, binti atabaki nyumbani, na kuna watu wanaopita. Hofu yake ni ya kweli na sina neno la kumlaumu. Kinachohitaji kufumbuliwa ni imani kwamba sindano imemaliza kazi. Depo, yaani sindano hiyo, huzuia mimba kwa miezi mitatu. Haimzuii mwanamume kuingia mlangoni, haizuii virusi vya UKIMWI wala kaswende, na binti akishikwa haimpi maneno ya kumweleza mamake kilichotokea. Tena inaondoa ile dalili moja ambayo familia nyingi hugundulia dhuluma, yaani tumbo. Binti anaweza kudhulumiwa mwaka mzima na mtu yule yule na boma zima lisijue.

Kwa hiyo tuanze mwanzo: hawa wanawake ni akina nani, wafundishwe nini, na kwa nini mafunzo hayo yanawafaa kuliko ukimya.

Ulemavu wa akili ni nini

Mtu mwenye ulemavu wa akili hupata shida kujifunza, kufikiri na kukumbuka, na shida hiyo huonekana katika mambo ya kila siku: kuoga, kuvaa, kutumia pesa, kujua saa, kusoma nia za watu. Hali hii huanza utotoni. Hapo ndipo inapotofautiana na ugonjwa wa akili kama skizofrenia au sonona, ambao unaweza kumpata daktari wa miaka 40 aliyekuwa mzima jana, na ambao una dawa. Ulemavu wa akili hauna dawa ya kuuondoa, lakini mtu akifundishwa vizuri hujifunza mengi.

Wala si kila mtu anayetembea kwa shida au anayetoa maneno kwa taabu ana ulemavu wa akili. Kuna watu waliopooza ubongo wakiwa wachanga ambao akili zao ni kali kabisa, ila misuli ya mdomo haiwatii. Kuwachanganya na wengine ni kuwanyamazisha mara mbili.

Sababu ni nyingi. Kuna hali ya Down, ambapo mtoto huzaliwa na nakala ya ziada ya kromosomu ya 21. Kuna watoto waliokosa hewa kwa sababu mama alikaa na uchungu muda mrefu mbali na hospitali, wengine walipata homa ya uti wa mgongo au manjano makali siku za kwanza za maisha. Na katika kanda yetu ya ziwa, ambako malaria haijatuacha, kuna watoto walionusurika malaria ya kichwa wakabaki na athari katika ubongo. Jamaa wengine husema ni chira, yaani adhabu ya kuvunja mwiko, au laana ya ukoo. Mama aliyemkimbiza mtoto wake na degedege usiku kwa bodaboda anajua ilianza lini.

Wengi wa watu hawa, takriban asilimia 85 kwa makadirio ya wataalamu, wako katika kiwango chepesi. Hawa huwezi kuwatambua ukipita njiani. Wanauza omena, wanafua nguo za watu, wengine wana waume na watoto, na hawajawahi kupimwa popote. Sensa ya 2019 ilipata kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka mitano na zaidi wana ulemavu wa aina fulani, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Lakini sensa huhesabu kile ambacho mwenye nyumba amekubali kukitaja, na ulemavu wa akili ndio unaofichwa haraka zaidi.

Mwili haungoji

Sentensi inayowapotosha watu kuliko zote ni ile ya "ana akili ya mtoto wa miaka mitano." Hutolewa kwa nia njema, wakati mwingine na wataalamu, kama njia ya mkato ya kueleza kiwango cha ulemavu. Madhara yake ni kwamba familia inaanza kumtendea mwanamke wa miaka 22 kana kwamba mwili wake nao una miaka mitano. Anavuliwa nguo uani mbele ya wageni. Anakalishwa kwenye mapaja ya wajomba. Anaogeshwa na yeyote aliye karibu.

Ukweli ni kwamba wasichana wengi wenye ulemavu wa akili huvunja ungo karibu na umri ule ule wa dada zao. Homoni zinafanya kazi yake. Matiti yanaota, hedhi inakuja, hamu inakuja, kupenda kunakuja. Na mwanamke aliyeishi miaka 22 ameona miaka 22 ya maisha: ameona harusi, ameona mimba za dada zake, ameangalia vipindi vya mapenzi kwenye televisheni pamoja na wote sebuleni. Anajua kuna jambo. Kitu anachokosa ni mtu wa kumweleza.

Upande wa pili kuna uongo unaopingana na huo, kwamba watu hawa wana tamaa isiyo na breki. Huu nao hauna msingi. Mara nyingi kinachoonekana kama tamaa ni mtu ambaye hakuwahi kuambiwa kwamba kujigusa ni jambo la faraghani, na anajigusa kwenye matatu kwa sababu hajui tofauti kati ya matatu na chumba chake. Ukimfundisha tofauti hiyo kwa upole, mara kwa mara, kwa maneno yale yale, ataijua.

Elimu ya afya ya uzazi ina mengi ndani yake, na tendo la ndoa ni sehemu tu. Inaanza na majina ya viungo vya mwili, usafi, hedhi, faragha, nani anaruhusiwa kunigusa wapi na kwa sababu gani, urafiki ni nini, mchumba ni nani, mimba huja vipi, magonjwa huambukizwa vipi, kondomu ni nini, na nikidhulumiwa nimwambie nani. Hofu ya wazazi kwamba kuzungumza kutawasha moto imechunguzwa sana duniani. Mwongozo wa UNESCO uliotolewa upya mwaka 2018 ulipitia tafiti za nchi nyingi na kusema wazi kwamba elimu ya namna hii haiwafanyi vijana kuanza ngono mapema wala kuiongeza.

Tunachowafundisha bila kujua

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu naona ndiko mzizi uliko.

Fikiria malezi ya msichana mwenye ulemavu wa akili. Tangu utotoni sifa yake kubwa ni kutii. "Huyu hana shida, ukimwambia kaa anakaa." Anavaa alichochaguliwa, anakula alichopakuliwa, anaamshwa na kulazwa kwa saa ya wengine. Mgeni akija anaambiwa "msalimie mjomba", na mjomba akimkumbatia kwa muda mrefu hakuna anayesema kitu. Mwalimu, muuguzi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dereva wa basi la shule, wote wana ruhusa ya kumshika. Akikataa jambo anaitwa mkaidi, pengine anachapwa. Miaka 18 ya masomo hayo, kila siku, bila likizo. Kisha siku moja jirani anamwambia "vua", naye anavua. Halafu sisi tunashangaa na kusema hakukataa.

Kuna jambo lingine ambalo watu wanaofanya kazi na kundi hili wanalijua vizuri: watu wenye ulemavu wa akili huelekea kujibu "ndiyo" ili kumfurahisha anayeuliza. Muulize "Umeelewa?" atasema ndiyo. Muulize "Alikupiga?" atasema ndiyo. Geuza swali, "Hakukupiga, sivyo?" na huenda akasema ndiyo tena. Hadanganyi. Amejifunza kwamba "ndiyo" huleta amani.

Kwa hiyo somo la kwanza la afya ya uzazi kwa binti kama huyu halina uhusiano wowote na ngono. Ni rinda. Weka marinda mawili kitandani, la bluu na la njano, umwache achague, na akichagua lile ambalo wewe hukulipenda, alivae hilo. Chai au uji? Kwenda kanisani na shangazi au kubaki na dada? Akisema hataki kukumbatiwa na mgeni, mgeni apewe mkono na mambo yaishe, hata kama ni mzee wa heshima. Nimesikia watu wakisema huku ni kuharibu adabu za Kiafrika. Sioni hivyo. Mkono wa salamu una adabu ya kutosha, na binti aliyeona "hapana" yake ikisikilizwa mezani ana sababu ya kuamini kwamba itasikilizwa kwingine.

Baada ya hapo majina. Mfundishe matiti, uke, makalio, uume, kwa utulivu ule ule unaofundisha nao kiwiko na goti. Katika kesi za dhuluma mahakamani maneno "alinifanyia tabia mbaya" husikika kila mara. Tabia mbaya inaweza kuwa matusi, inaweza kuwa kofi, inaweza kuwa ubakaji. Msichana mwenye jina la kiungo na jina la tendo anaeleweka na mamake, na polisi, na daktari.

Mbinu zenyewe hazihitaji pesa nyingi. Chora umbo la mwili kwenye karatasi kubwa, mpe penseli nyekundu na ya kijani, apake nyekundu sehemu ambazo ni zake peke yake. Chora duara ndani ya duara: katikati yeye, kisha watu wa kukumbatia, kisha watu wa kupeana mkono, kisha watu wa kupungia tu, na mwisho watu wasiojulikana ambao hatusemi nao kitu. Bandika picha halisi za watu wa nyumbani. Igizeni: wewe uwe mtu wa bodaboda anayemwambia panda bure, yeye aseme hapana, aondoke, aende kwa mtu mliyekubaliana. Fundisha jambo moja kwa wakati. Rudia kesho, rudia wiki ijayo, rudia likizo. Na usiulize "umeelewa?" Mwambie "nionyeshe."

Sheria moja inafaa kukaririwa hadi iwe kama jina lake: hakuna siri kuhusu mwili. Mtu akisema "usimwambie mama", hilo ndilo la kumwambia mama. Mdhulumu, mara nyingi, ni mtu anayejulikana nyumbani, na siri ndiyo kamba yake. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la kitabibu la Lancet ulionyesha kwamba watoto wenye ulemavu wa akili au wa kisaikolojia wako katika hatari ya dhuluma za kingono takriban mara 4.6 kuliko wenzao wasio na ulemavu. Hatari ya namna hiyo haisababishwi na ubongo wa mtoto peke yake. Inatokana pia na hesabu ya mkosaji kwamba huyu hatasema, na akisema hataaminiwa.

Hedhi

Hili lianze kufundishwa akiwa na miaka minane au tisa, kabla damu haijaja. Msichana ambaye hajaambiwa chochote akiona damu hudhani ameumia au anakufa, na kuna wanaopiga mayowe au kuificha nguo chini ya godoro. Mama au dada anaweza kumruhusu aone sodo ikibadilishwa. Mwaga juisi ya bitiruti kidogo kwenye sodo, mfanye mazoezi ya kuitoa, kuikunja, kuifunga na kuitupa. Kwenye chupi chora kwa kalamu umbo la mahali sodo inapokaa, ajue mbele na nyuma. Ukutani weka kalenda na rangi nyekundu kwenye siku zake.

Msichana asiyezungumza huonyesha maumivu kwa njia nyingine: anajigonga kichwa, anakataa chakula, anashika tumbo, analia kila mwezi tarehe zile zile. Familia nyingi hudhani hali yake imechafuka, kumbe anahitaji dawa ya maumivu na chupa ya maji ya moto. Na tangu mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2017, serikali inapaswa kumpa sodo bure kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma, shule maalumu zikiwemo. Mzazi ana haki ya kuuliza.

Anaweza kukubali?

Swali hili ndilo gumu, na watu hulijibu haraka sana kutoka pande zote mbili.

Chukua mfano wa pesa. Kuna mwanamke ambaye ukimtuma dukani na shilingi 500 ataleta unga, sukari na chenji sawasawa. Mwanamke huyo huyo ukimpa karatasi ya mkopo wenye riba atatia kidole bila kujua amejifunga nini. Je, anajua pesa au hajui? Swali limeulizwa vibaya. La kuuliza ni pesa gani, uamuzi gani, na akielezwa taratibu na mtu anayemwamini atafika wapi. Kwenye mahusiano ni vivyo hivyo. Yupo anayeelewa mchumba ni nani, tendo lenyewe ni nini, kwamba linaweza kuleta mimba au ugonjwa, na kwamba anaweza kukataa hata baada ya kukubali jana. Yupo anayeelewa nusu na akifundishwa miezi kadhaa ataelewa yote. Na yupo ambaye ulemavu wake ni mzito kiasi kwamba hawezi kuelewa, na kwa huyo hakuna mwanamume anayeweza kudai alikubaliwa.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, katika kifungu cha 42, inasema mtu amekubali iwapo ameamua kwa hiari, akiwa na uhuru na uwezo wa kufanya uamuzi huo. Vitu vitatu: hiari, uhuru, uwezo. Kifungu cha 43 kinawataja watu ambao kisheria hawawezi kuelewa maana ya tendo, na pamoja na aliyelala, aliyezimia na mtoto, kinamtaja mtu mwenye upungufu wa akili. Ukikisoma kwa ukali kitamlinda aliyedhulumiwa, jambo jema, lakini pia kinaweza kufunga mlango kwa mwanamke mwenye ulemavu mwepesi anayetaka kuolewa na mwanamume anayempenda. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unasema wenye ulemavu wana uwezo wa kisheria sawa na wengine, wasaidiwe kuutumia, wana haki ya kuoa na kuolewa, na wabaki na uwezo wao wa kuzaa kama watu wengine. Katiba yetu, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya huduma za afya ya uzazi. Haisemi kila mtu isipokuwa fulani.

Maoni yangu ni kwamba mvutano huu wa sheria hautatuliwi na wanasheria peke yao. Mwanamke ambaye hakufundishwa chochote hawezi kuonyesha uwezo alio nao. Tunamnyima mafunzo, kisha tunatumia ujinga huo kama ushahidi kwamba hawezi kuamua.

Turudi kwenye sindano

Uzazi wa mpango ni huduma njema na mwanamke mwenye ulemavu wa akili anastahili kuupata. Anastahili pia kuelezwa, kwa picha na maneno mafupi, kwamba sindano hii itazuia mtoto kwa muda, kwamba hedhi yake inaweza kubadilika au kukatika, na kuulizwa anaonaje. Muuguzi azungumze na yeye kwanza, mama baadaye.

Kuna jambo la kitabibu ambalo halizungumzwi vya kutosha. Wengi wenye ulemavu wa akili wana kifafa pia. Dawa za kifafa za bei nafuu tunazozijua kwenye dispensari, kama fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini, hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi na ya vipandikizi vya mkononi. Sindano ya Depo haiathiriwi nazo, ndiyo maana mara nyingi huchaguliwa, ingawa ikitumika miaka mingi inaweza kupunguza uimara wa mifupa. Dawa nyingine ya kifafa, valproeti, inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kwa hiyo ukienda kliniki, beba pakiti za dawa zote anazotumia uziweke mezani. Usitegemee kukumbuka majina.

Kufunga kizazi bila ridhaa yake ni jambo jingine kabisa. Familia huliona kama suluhisho la kudumu. Ni kumkata mtu mwili kwa sababu ya hofu ya wengine, na halimwondolei hatari hata moja zaidi ya mimba. Hoja ya kwamba "atazaa wengine kama yeye" nayo imejaa makosa: mtu aliyepata ulemavu kwa malaria ya kichwa au kukosa hewa wakati wa kuzaliwa hana cha kurithisha.

Na magonjwa? Uchunguzi wa kitaifa wa 2018 ulipata maambukizi ya virusi vya UKIMWI ya asilimia 4.9 kwa Wakenya wa miaka 15 hadi 64. Homa Bay ilikuwa asilimia 19.6, Kisumu 17.5, Siaya 15.3. Katika eneo la namna hii, kumwacha mwanamke mtu mzima bila kujua kondomu ni nini wala kipimo ni nini hakuna utetezi. Ile imani potovu kwamba mwenye virusi akilala na bikira atapona imewaumiza wanawake wenye ulemavu zaidi, kwa kuwa watu huwadhania wote ni mabikira. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, inayotolewa nchini tangu 2019 kwa wasichana kuanzia miaka 10, huwafikia wengi kupitia shuleni. Aliyefichwa nyumbani huikosa. Anaweza kupelekwa kituo cha afya akachanjwa.

Ikishatokea

Saa zina maana. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofaa. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120. Asiogeshwe, nguo alizovaa zisifuliwe, zifungwe kwenye karatasi ya kaki au gazeti kwa sababu mfuko wa plastiki huharibu ushahidi. Nenda hospitali kwanza, hata kama polisi hawajaandikisha. Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu na ile ya rufaa ya Nakuru zina vitengo vya manusura wa dhuluma za kijinsia, na kwa mujibu wa sheria matibabu hayo hayalipiwi katika hospitali ya umma. Daktari atajaza fomu ya PRC, yaani ya huduma baada ya ubakaji, na polisi watatoa P3, fomu ya uchunguzi wa kitabibu inayotumika kortini.

Muulize maswali mafupi yaliyo wazi: nini kilitokea, wapi, nani alikuwepo. Usimpe jibu mdomoni, kwa sababu ya ile "ndiyo" tuliyoizungumzia.

Kisha watakuja wazee. Watazungumzia mbuzi, au fidia, au kuoana, wakisema binti mwenyewe hata haelewi, mnataka kumfunga kijana wa watu. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono kinaeleza ni nani anayeweza kusimamisha uchunguzi au kesi ya namna hii. Kiliandikwa kwa jina la Mwanasheria Mkuu, na tangu Katiba ya 2010 mashtaka yako mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Chifu hana mamlaka hayo, wala mzee wa mtaa, wala baba mzazi aliyekwisha kupokea mbuzi.

Wanaosema "hata akienda kortini ataongea nini?" hawajui kwamba sheria imelifikiria hilo. Kifungu cha 31 cha sheria hiyo hiyo kinaruhusu mtu mwenye ulemavu wa akili kutambuliwa kama shahidi aliye katika mazingira magumu, atoe ushahidi bila kumtazama mshtakiwa au kupitia msaidizi wa mawasiliano, yaani mtu aliyeidhinishwa na mahakama, kama mzazi au mshauri nasaha, anayeweza kuyafikisha maswali kwa namna anayoielewa. Katiba nayo, kifungu cha 50(7), inamruhusu msaidizi huyo. Mama au mwalimu anapaswa kumwambia mwendesha mashtaka mapema, kabla ya siku ya kusikilizwa, ili ombi lipelekwe kwa hakimu.

Walioachwa nje ya shule

Wengi wa wanawake ninaowaandikia habari zao hawako shuleni. Wana miaka 25, 30, 40, wako mitaa ya Nyalenda kule Kisumu na Kaptembwo kule Nakuru, au vijiji vya Vihiga na Busia, na hakuna mtaala unaowafikia. Kwao mtu wa karibu zaidi ni mhamasishaji wa afya ya jamii, anayepita nyumba kwa nyumba. Zaidi ya 100,000 walisambazwa nchini mwaka 2023. Wahamasishaji hawa huuliza kuhusu vyandarua, vyoo, shinikizo la damu na wajawazito. Wakifika kwenye nyumba yenye binti mwenye ulemavu wa akili, waombe kuzungumza naye, wamuulize hedhi yake inaendaje, kama kuna anayemsumbua, kama amewahi kupimwa. Na mama naye asisubiri: amwite, amwambie nina binti ndani, nataka unisaidie kumfundisha.

Mzazi wa mtoto mdogo ambaye hajapimwa anaweza kuanzia EARC, yaani kituo cha tathmini ya elimu, cha kaunti ndogo yake, ambako watoto hutathminiwa na kuelekezwa shule inayowafaa. Huko aulize pia mwalimu gani atafundisha mambo ya mwili, na lini. Kwa dhuluma, nambari 1195 hupokea simu za bure mchana na usiku, na ya watoto ni 116.